Riziki ya Kihamba

Watu wengi huupima utajiri wa mkulima kwa upana wa ardhi yake. Husikia kwamba fulani ana ekari mia wakamwita tajiri, na fulani ana ekari moja na nusu wakamwonea huruma. Kipimo hiki chaweza kufaa nchi tambarare, mahali ambapo mmea wa namna moja hutanda tangu upeo mmoja wa macho hata upeo wa pili. Lakini mtu akikichukua na kupanda nacho miteremko ya kusini ya mlima Kilimanjaro, hapana shaka kitamdanganya. Huko ekari hazikulala tu, zimesimama pia. Juu ya kipande kimoja cha udongo yamo mashamba manne au matano, moja juu ya jingine, na kila moja laishi kwa mwanga uliopenya katika majani ya lililo juu yake. Kipande hicho Wachaga hukiita kihamba. Neno hili halina budi litumike kama lilivyo, kwa kuwa "shamba" katika kinywa cha Mchaga ni kitu kingine: ni konde la mahindi na maharagwe lililoko chini, karibu na nyika, ambalo mtu hulienda na kurudi. Kihamba hakiendwi. Kihamba hukaliwa.

Nchi ya vihamba huanza yapata mita 900 juu ya usawa wa bahari na kupanda hata mita 1800 au 1900, pale msitu unaposhika. Msomaji ambaye hajapata kufika huko na afikiri kwamba anatembea katika njia nyembamba, kulia na kushoto pana ua wa masale, mmea ambao Wachaga huupanda mpakani na ambao jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa ili kuomba msamaha. Nyuma ya ua huo aona kijani kitupu, akadhani ni msitu. Akiingia ndani, jicho laanza kupanga. Juu kabisa, kwa mita 15 na zaidi, yako matawi ya mringaringa, mruka na mgrevilea, huyu wa mwisho akiwa mgeni aliyeletwa kutoka Australia. Chini yake yako majani mapana ya migomba. Chini ya migomba pana mibuni, ambayo kwa tabia yake haichukii kivuli. Chini ya mibuni, ardhini kabisa, yapo magimbi, maharagwe, mboga, na majani ya kulishia mifugo yaliyopandwa kandokando ya mfereji. Kiazi kikuu kimejinyonga juu ya shina la mti na kupanda nalo. Mzinga wa nyuki waning'inia tawini. Katikati ya hayo yote iko nyumba, na ubavuni mwa nyumba banda la ng'ombe.

Wataalamu watatu, Fernandes, Oktingati na Maghembe, walioandika juu ya vihamba mwaka 1984, walieleza kwamba kihamba cha wastani kilikuwa na ukubwa wa hekta 0.68, yaani ekari moja na theluthi mbili hivi, na kwamba mimea yenye kazi katika vihamba ilizidi aina 100. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayostahili kukaliwa kwa muda. Mkulima wa ekari elfu za ngano ajua mmea mmoja kwa kina. Bibi wa kihamba, ambaye pengine hakukaa darasani miaka mingi, ajua mimea mia, na katika migomba peke yake ajua upi ni wa kupika kwa nyama, upi ni wa kuiva, upi ni wa pombe, na upi shina lake lapendwa na ng'ombe. Elimu hiyo haina cheti, na kwa hiyo ni rahisi kusahauliwa kwamba ni elimu.

Ng'ombe wa kihamba haendi malishoni. Malisho humwendea yeye. Zamani alilala ndani ya nyumba ile ile ya msonge pamoja na watu, akitengwa nao kwa nguzo na fito, na joto la mwili wake likasaidia moto katika usiku wa baridi. Siku hizi ana banda lake, lakini ada ya kumlisha pale pale alipo haijabadilika. Hupewa mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, ambayo ndani yake mna maji mengi, na majani yake, na mabingobingo, na matawi ya miti, na mabua ya mahindi kutoka shamba la chini. Hutoa maziwa kila siku, ndama kila anapojaliwa, na samadi daima. Ukimwuliza mtu wa mjini ni kipi katika hivyo vitatu kilicho cha thamani zaidi, atasema maziwa. Mwenye kihamba huenda akatua kidogo kabla ya kujibu. Maziwa yakikosekana mwezi mmoja, chai itanywewa kavu; samadi ikikosekana miaka mitatu, migomba huanza kupungua urefu, mikungu husinyaa, na kivuli cha mibuni huwa chembamba. Mgomba hulisha ng'ombe, na ng'ombe hulisha mgomba. Katika duara hilo watu wameingia kati kama wageni walioalikwa, wakachukua ndizi upande mmoja na maziwa upande wa pili.

Na ndizi zenyewe ni za kazi nyingi. Huliwa mbichi kwa kupikwa na mbivu kwa kumenywa. Zilizoiva sana huchemshwa na kuchanganywa na ulezi uliooteshwa na kusagwa, zikawa mbege, ambayo hupewa uchungu kidogo kwa gamba la mti wa msesewe. Mbege si kinywaji cha kulewea tu. Posa haikukamilika bila yake, wala kesi ya mpaka haikusuluhishwa bila yake, wala wafanyakazi wa zamu hawakuitwa kufukua mfereji bila kibuyu kuwa tayari. Kwa hiyo hata sheria na siasa za mlimani zilikuwa na mizizi yake katika mgomba, na mgomba katika samadi.

Yafaa kutazama pia jinsi mapato yanavyoingia, maana hapo ndipo akili ya waliouanzisha utaratibu huu inapoonekana. Ndizi hazina msimu. Mkungu hukatwa Januari na mwingine hukatwa Agosti. Maziwa ni ya kila asubuhi. Mayai ni ya wakati wowote. Kahawa huja mara moja kwa mwaka, na pesa zake huja kwa mkupuo. Mti wa mbao hungoja miaka ishirini au thelathini. Ni kama kwamba kila haja ya nyumba imepewa mlango wake: chumvi na sabuni hutoka katika yai na mkungu, daftari la mtoto katika maziwa, karo na bati katika kahawa, na lile jambo kubwa linalokuja mara moja katika maisha, kama arusi au ugonjwa wa kupeleka hospitali ya mbali, hutoka katika mringaringa uliopandwa na babu. Mtu mwenye zao moja hungoja mwezi mmoja wa mwaka kwa hofu, akikopa katika miezi kumi na mmoja. Mwenye kihamba naye ana hofu zake, lakini zimetawanyika, na hofu iliyotawanyika hubebeka.

Maji yalipewa mpango kabla ya zao lolote la biashara kuingia. Johannes Rebmann, Mzungu wa kwanza kuuona mlima huu na kuandika habari zake, alifika mwaka 1848. Waliomfuata katika karne ile walistaajabia mifereji iliyotoka katika mito ya makorongo na kupitishwa ubavuni mwa vilima kwa ustadi mwingi. Mifereji hiyo huitwa mifongo. Ilichimbwa na koo, kila ukoo ukiwa na mfongo wake na kiongozi wake wa maji, na wageni waliotaka kunywesha migomba yao walipaswa kuomba kwa ukoo uliochimba. Maji yaligawanywa kwa zamu, na asiyefika siku ya kufukua tope alitozwa. Hapa lazima isemwe kwa kupita kwamba watu wengi, wanapoona barafu ya Kibo ikipungua mwaka hadi mwaka, hufikiri kwamba mifongo itakauka barafu itakapokwisha. Huzuni juu ya barafu ni haki, lakini maji ya mifongo sehemu yake kubwa hutoka katika msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu, wala si katika barafu. Moto na shoka katika msitu wa juu vina madhara zaidi kwa mgomba kuliko jua katika kilele.

Kahawa ilifika mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya mapadri wa misioni ya Kilema. Ilikuja kama mgeni mwenye adabu: ilikubali kukaa mahali ilipoonyeshwa, chini ya migomba, bila kudai kwamba wenyeji waondoke. Hii ndiyo sababu mojawapo ya Wachaga kuipokea kwa haraka. Walowezi waliokuwa na mashamba makubwa kandokando ya mlima hawakupendezwa. Walisema kwamba mwananchi hataweza kuitunza, kwamba atazaa magonjwa yatakayoambukiza mibuni yao. Na chini ya maneno hayo palikuwa na hofu nyingine, kwamba mtu mwenye kahawa yake nyumbani hatakwenda kuchuma ya mwingine. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, rais wake akiwa Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, ambacho jina lake lilikuja kujulikana katika nchi nyingi. Nchi jirani ya Kenya miaka hiyo Mwafrika alikuwa bado amezuiwa kupanda kahawa ya arabika, isipokuwa kwa vijisehemu vichache vilivyoruhusiwa tangu miaka ya 1930. Mlango ulifunguliwa hasa kwa mpango wa mwaka 1954 uliotungwa na Roger Swynnerton, bwana aliyekuwa amefanya kazi ya kilimo Tanganyika, na aliyejua vema mambo ya Kilimanjaro.

Kahawa ilijenga shule, ikalipa walimu, ikapeleka watoto mbali. Ushirika ulikuwa na nguvu hata Moshi ikawa makao ya Chuo cha Ushirika mwaka 1963, ambacho leo ni chuo kikuu. Lakini pesa zilivyozidi, ndivyo kihamba kilivyoanza kutazamwa kwa jicho jipya. Jicho hilo liliona kahawa tu. Kwa miaka mingi mabwana shamba waliwashauri wakulima wapande mibuni peke yake, kwa mistari, katika jua, na kuipunguza migomba au kuing'oa, kwa sababu mgomba hunyang'anya mbuni maji na chakula. Ushauri huu haukuwa wa uongo. Mbuni uliotengwa, ukipewa mbolea na dawa ya kutosha, huzaa zaidi. Kosa lake lilikuwa katika swali lililoulizwa: waliuliza mbuni utazaa kilo ngapi, hawakuuliza nyumba itaishije kahawa ikikosa bei. Wakulima wengi waliitikia "ndiyo, bwana" kwa heshima iliyopaswa, wakang'oa migomba miwili iliyo karibu na njia, na kuiacha iliyobaki.

Historia iliwatetea, ingawa kwa ukali. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU haikurudi mpaka 1984. Julai 1989 mpango wa mataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa ya kuuza ulivunjika, na bei ikaanguka. Kutoka msimu wa 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini. Pembejeo zilizokuwa zikitolewa kwa mkopo na chama zikawa za kununuliwa kwa fedha taslimu, na dawa ya chulebuni na ya kutu ya majani ikawa ghali kuliko kahawa iliyotakiwa kuokolewa. Mwaka 2001 ratili moja ya arabika ilishuka katika soko la New York hata chini ya senti 50 za Kimarekani. Mwenye kihamba alipoteza karo na bati. Hakupoteza chakula. Aliiacha mibuni ikue ovyo, akauza ndizi Moshi na Dar es Salaam, akauza maziwa, akangoja. Februari 2025, bei ile ile ilipopita dola 4 kwa ratili, wapo waliokwenda kutazama mibuni ya zamani nyuma ya nyumba na kuikuta hai bado, imezeeka, imejaa machipukizi, lakini hai. Wengine, ambao hawakuweza kungoja, walikuwa wameipanda upya kwa miche ya chotara isiyopatwa na yale magonjwa mawili, iliyotoka katika kituo cha utafiti cha Lyamungo. Kituo hicho kilianza mwaka 1934, na tangu 2001 kimekuwa makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa ya Tanzania.

Mpaka hapa sifa zimekuwa nyingi, na sifa zikiwa nyingi mno hufunika mzigo. Mzigo wenyewe ni wa majani. Wataalamu wanapochora duara la mgomba na ng'ombe kwa mishale mizuri, yaelekea msomaji kuamini kwamba kihamba hujilisha chenyewe. Sivyo. Kila mkungu uuzwao sokoni huchukua kitu cha udongo, na kila gunia la kahawa liendalo Ulaya huchukua kingine. Duara lenye kutoa bila kupokea hukauka. Kihamba hakikukauka kwa sababu kimekuwa kikipokea majani kutoka nje, kutoka nyika na mashamba ya chini, majani ambayo huliwa na ng'ombe na kugeuka samadi. Na majani hayo hayapandi mlima yenyewe. Kwa vizazi vingi yamepanda juu ya vichwa vya wanawake. Mwanamke huondoka alfajiri, huteremka kwa saa moja au mbili, hukata, hufunga mzigo mkubwa kuliko yeye, na huupandisha njia ile ile ya miamba, na akifika bado kuna maji, kuna moto, kuna mtoto. Rutuba ya Kilimanjaro inayosifiwa katika vitabu, mbali na jivu la volkano lililoitangulia, ni rutuba iliyobebwa.

Walakini desturi iliandika kahawa jina la mwanamume. Mbuni ulikuwa wake, chama kilikuwa chake, na stakabadhi ya malipo ilitiwa sahihi yake. Ndizi na maziwa vilikuwa vya mwanamke, na bei ya kahawa ilipokuwa nzuri vilihesabiwa kuwa vitu vidogo vya jikoni. Bei ilipoanguka, vitu vidogo ndivyo vilivyosimamisha nyumba. Huko Nronga, wilaya ya Hai, wanawake walianzisha mwaka 1988 chama chao cha ushirika wa maziwa, wakakusanya lita za nyumba nyingi mahali pamoja na kuziuza kwa daftari lao wenyewe. Jambo hilo laonekana dogo likiandikwa. Kwa mwanamke aliyebeba majani miaka thelathini bila kupata kuona mahali jina lake limeandikwa mbele ya fedha, si dogo.

Baada ya mzigo wa majani uko mzigo wa urithi, ambao ni mzito kuliko wa kwanza kwa kuwa hauna wa kuutua. Kihamba kilirithiwa na wana wa kiume. Kwa desturi ya kale, mwana wa kwanza alipewa kihamba, na mwana wa mwisho, aliyebaki na wazazi katika uzee wao, alirithi nyumba na kihamba cha baba. Wa katikati walitakiwa kwenda kufungua pori. Utaratibu huu ulikuwa na haki yake wakati pori lilikuwapo. Mangi aligawa ardhi mpya, kijana akapanda migomba, baada ya miaka michache naye akawa na kivuli. Katika karne ya 20 pori lilikwisha. Juu pana msitu uliohifadhiwa, chini palikuwa na mashamba ya walowezi na ukame wa nyika, na katikati watu waliongezeka. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta katika mkoa wa Kilimanjaro watu zaidi ya milioni 1.8, na sehemu kubwa yao wako katika ukanda ule mwembamba wa vihamba. Basi baba, kwa huruma ambayo haiwezi kulaumiwa, aligawa ekari moja na nusu kwa wana watatu ili wa katikati asitoke mikono mitupu. Na kila mmoja wao naye ana wana.

Hapa ndipo hatari ya kweli ya kihamba ilipo, wala si katika bei. Utaratibu wa namna hii una mpaka wake wa chini. Ekari moja na nusu yaweza kuweka ng'ombe wawili, miringaringa michache, mibuni mia kadhaa na migomba ya kutosha. Robo ya ekari haiwezi kufanya hayo kwa robo, haiwezi kabisa. Ng'ombe hana robo. Akiondoka ng'ombe, samadi huondoka. Ikiondoka samadi, mgomba hudhoofika. Mgomba ukidhoofika, kivuli na chakula hupungua pamoja. Na mti wa babu hukatwa kabla ya wakati wake ili kulipa deni. Kihamba hakifi pole pole kama mshumaa, ila hukatika kama kamba.

Wala haiwezekani kumwambia mtu auze fungu lake na kuhama kana kwamba ni kiwanja. Ndani ya kihamba wamezikwa wazee, chini ya migomba ile ile, na ua la masale limesimama juu yao. Kila Desemba barabara ya Moshi hujaa magari ya watu wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na waandishi wa magazeti hufanya mzaha juu yao. Lakini wengi wa wasafiri hao ni wale wana wa katikati, au wana wa wana wa katikati, waliofungua pori lao katika biashara na ofisi, na wanaokuja kukanyaga udongo usiotosha kuwalisha. Wakisha kula, hurudi mjini. Nyuma hubaki mama mzee, mfanyakazi mmoja, na nyumba nzuri ya matofali ambayo kumi na moja katika miezi kumi na miwili ina taa moja tu. Mabinti nao wana neno lao. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 yatambua haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Ukoo, katika vikao vyake, haujakubali kwa moyo mmoja, na mara nyingi binti aliyeuguza wazazi husikia baada ya matanga kwamba kihamba kimekwenda kwa kaka asiyejua hata mfongo wa nyumbani hupita wapi.

Kilimanjaro si peke yake katika akili hii. Wahaya wa Bukoba wana kibanja, chenye migomba, kahawa na samadi ya ng'ombe, nacho pia kimelishwa kwa majani ya nyika iliyoko nje yake. Nchini Vietnam bustani, bwawa la samaki na zizi hushirikishwa katika uwanja mmoja wa nyumba, na herufi za kwanza za maneno hayo matatu zimekuwa jina la mpango mzima, VAC. Huko China, katika delta ya mto Zhujiang, miforosadi ilipandwa juu ya matuta, majani yake yakalisha viwavi wa hariri, mavi ya viwavi yakalisha samaki, na tope la bwawa likarudi tutani. Watu hawa hawakuandikiana barua. Uchache wa ardhi uliwafundisha somo moja kwa lugha mbalimbali.

Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitambua Shimbwe Juu, kijiji kilicho juu ya Moshi, kuwa mahali penye urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Pamoja na heshima hiyo zilikuja shughuli: mifongo kukarabatiwa, kahawa kulimwa bila dawa za viwandani, vanila kupandwa chini ya miti, na samaki wa maji baridi kufugwa kandokando ya mifereji. Vanila ni jambo la busara, kwa kuwa yapenda kivuli na haihitaji nafasi yake yenyewe. Inaingia kama kahawa ilivyoingia zamani, kwa adabu. Juu ya neno "urithi" yafaa kuwa na tahadhari kidogo. Kitu kikishaitwa urithi, wageni hupenda kibaki kilivyo, na kihamba hakikupata kubaki kilivyo hata siku moja: kahawa ni ya jana, mgrevilea ni wa jana, mahindi ya chini ni ya jana, na hata mgomba, kama mtu akirudi nyuma vya kutosha, ulitoka Asia.

Iko desturi moja ya zamani ambayo imeanza kupata kazi mpya. Mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko majani yake alimweka mmoja kwa jirani. Ng'ombe alibaki wa mwenyewe na ndama pia. Mtunzaji alipata maziwa na samadi. Zamani ilikuwa njia ya tajiri kutawanya mifugo yake ili maradhi au maadui wasiimalize yote kwa siku moja. Leo mwenye robo ya ekari asiyeweza kununua ng'ombe, na mwana wa mjini mwenye fedha asiye na mtu wa kukata majani, wanaweza kukutana katika mapatano hayo hayo, na ndugu wawili waliogawanyiwa kihamba kimoja wanaweza kufuga ng'ombe mmoja kwa zamu ya majani na zamu ya samadi, jinsi mababu walivyogawana maji ya mfongo. Mapatano ya namna hii huzungumzwa jioni, mbele ya shahidi mmoja au wawili. Bei ya ng'ombe husemwa upesi, na ndama hupangiwa upesi. Kinachochelewesha mazungumzo ni swali la nani atakayeteremka nyikani asubuhi na kupandisha mzigo. Nalo kwa kawaida huulizwa na mwanamke aliyekaa karibu na mlango.